Sura ya 7: Hatukugusa Kitu, Mbona Data Zimegeuka?

Swali hili husikika sana Jumatatu asubuhi. Mfumo wa ofisi ulikuwa ukienda vizuri hadi Ijumaa. Jumamosi fundi akapandisha toleo la maktaba moja ya programu, akafungua kurasa mbili tatu, zikafunguka, akazima kompyuta akaenda zake. Jumatatu mhasibu anaingiza malipo, skrini inamjibu kwamba yamepokelewa, na baada ya chai hayaonekani tena. Katika ofisi ya pili saa za ankara zote zimerudi nyuma kwa saa 3. Katika ya tatu kila mteja mpya anakataliwa kwa sababu eti namba yake tayari ina mwenyewe. Fundi anaapa kwamba hakubadilisha hata mstari mmoja wa msimbo, yaani maandishi ya programu yenyewe, na anaapa kwa haki. Basi lawama zote zinaiangukia hifadhidata, lile ghala ambamo programu huweka na kuchukua taarifa. Itakuwa imeharibika.

Kwa kawaida haijaharibika. Hifadhidata imefanya ilichoambiwa, neno kwa neno, kama ilivyofanya Ijumaa. Aliyebadilika ni yule anayeiambia. Na mara nyingi badiliko lenyewe si kwamba ameanza kufanya jambo geni, bali ameacha kufanya jambo alilokuwa akilifanya kwa hisani, ambalo halikuandikwa popote katika msimbo wako. Hiyo ndiyo hoja ya sura hii. Anayeikubali hutafuta kosa kwa njia tofauti kabisa: haulizi tena ni nini kimeharibika, anauliza ni hisani gani imeondolewa.

Mkalimani aliye katikati

Programu nyingi za leo hazizungumzi na hifadhidata ana kwa ana. Hifadhidata kama PostgreSQL, MySQL na SQL Server hupanga kila kitu katika majedwali yenye mistari na safu wima, kwa mpango uliotokana na mawazo aliyoyachapisha Edgar Codd, mtafiti wa IBM, mwaka 1970. Lugha yake ni SQL. Mwandishi wa programu naye hufikiri kwa vitu: mteja, ankara, mgonjwa, kila kimoja na sifa zake. Kati ya hao wawili huwekwa mkalimani, ambaye wenyewe humwita kwa herufi tatu, ORM. Ni maktaba, yaani fungu la msimbo ulioandikwa na watu wengine nawe ukaliazima, na kazi yake ni kugeuza vitu kuwa mistari ya jedwali, na mistari kuwa vitu. Wanaoandika kwa Java wana Hibernate, iliyoanzishwa na Gavin King mwaka 2001. Wa Python wana SQLAlchemy ya Mike Bayer, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2006, au mkalimani aliyemo ndani ya Django. Wa C# wana Entity Framework Core ya Microsoft.

Mkalimani mzoefu hatafsiri tu. Mgeni akiingia barazani bila salamu, yeye hutia salamu kabla ya kufikisha shida iliyomleta. Mgeni akisema kwa ukali, yeye hulainisha. Mwenyeji anaondoka akimsifu mgeni kwa adabu, na mgeni anaondoka akidhani ndivyo alivyosema. Sasa lete mkalimani mpya anayefikisha kile tu kilichotamkwa. Wenyeji watanong'ona kwamba mgeni kapatwa na nini, mbona leo kaingia kama mbuzi. Lakini mgeni hakubadilika. Hajawahi kusalimia tangu siku ya kwanza.

Muamala uliokosa namba ya siri

Tuanze na malipo yaliyotoweka, kwa kuwa ndiyo yanayotisha kuliko yote. Kila anayetuma pesa kwa simu anajua muamala ni nini, hata kama hajawahi kuona hifadhidata. Unachagua kutuma, unaweka namba ya mpokeaji, unaweka kiasi. Mpaka hapo hakuna senti iliyosogea. Ukiweka namba ya siri, mambo yote yanafanyika kwa pamoja; ukikata simu kabla, ni kama hukuanza. Hifadhidata hufanya vivyo hivyo. Muamala hufunguliwa, amri zinatolewa, kisha ama unathibitishwa kwa neno COMMIT, ama unatenguliwa kwa neno ROLLBACK na kila kitu kinarudi kilivyokuwa.

Katika matoleo ya 1.x ya SQLAlchemy, ukituma amri ya kuingiza mstari bila kufungua muamala mwenyewe, maktaba ilikuwekea namba ya siri. Ilifanyaje? Ilitazama mwanzo wa amri. Ikikuta neno kama INSERT, UPDATE au DELETE, ilikisia kwamba unaandika, ikathibitisha. Toleo la 2.0, lililotoka Januari 2023, liliiondoa hisani hiyo. Sasa amri ya kwanza hufungua muamala, na usipothibitisha mwenyewe, muunganisho ukifungwa muamala unatenguliwa. Msimbo ni uleule. Ukiwasha kumbukumbu za maktaba, yaani daftari la kila amri inayotumwa, toleo la zamani lingeonyesha hivi:

INSERT INTO malipo (mteja, kiasi) VALUES (…)
COMMIT

Na jipya hivi:

BEGIN (implicit)
INSERT INTO malipo (mteja, kiasi) VALUES (…)
ROLLBACK

Neno moja la mwisho ndilo lililokula malipo ya mhasibu. Na halikupiga kelele, kwa sababu kwa hifadhidata kutengua si kosa, ni ombi halali kama ombi lingine lolote. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Njia ya mkato iliyozoeleka, ya kutuma amri moja kwa moja kupitia injini ya maktaba, iliondolewa kabisa katika 2.0, kwa hiyo anayeitumia hupata ujumbe wa kosa papo hapo na kujua pa kuanzia. Bahati mbaya ni ya yule aliyefungua muunganisho kwa utaratibu, akatuma amri, akafunga. Huyo hapati ujumbe wowote.

Hali hii ina mtego unaowapotezea mafundi saa nyingi. Ndani ya muamala mmoja, anayeandika huona maandishi yake mwenyewe hata kabla ya kuthibitisha. Kwa hiyo fundi anaingiza malipo, anayasoma hapohapo kwa muunganisho uleule, anayaona, anatangaza kwamba kila kitu ni kizima. Mhasibu aliye chumba cha pili haoni kitu. Wote wawili wanasema kweli. Ili kupima sawasawa, fungua dirisha la pili lenye muunganisho wake wa peke yake, na uulize kutoka huko.

Alama ya muamala uliotenguliwa hubaki pia mahali ambapo wengi hawatazami. Katika PostgreSQL namba za mistari hutolewa na kihesabu, na kihesabu hakirudi nyuma hata muamala ukitenguliwa. Ukikuta malipo namba 1204 yanafuatwa na namba 1219, basi yawezekana kabisa mistari 14 iliingia ikatoka bila kuaga. Pengo kama hilo peke yake halithibitishi kitu, kwa maana linaweza pia kuletwa na mistari iliyofutwa au namba zilizochukuliwa zisitumike. Lakini pengo lililoanza asubuhi ya Jumatatu, siku mbili baada ya toleo kupandishwa, ni ushahidi wa kutosha kuanzia nao.

Je, watunzi walikosea kuiondoa hisani yenye manufaa namna hii? Itazame vizuri kwanza. Ilikuwa ya kukisia. Amri inayoanza na SELECT huhesabiwa kuwa ya kusoma, lakini SELECT inaweza kuita kazi iliyohifadhiwa ndani ya hifadhidata, na kazi hiyo ikaandika. Kwa amri kama hiyo hisani haikufanya kazi, na mwandishi aliyeizoea hakuwa na habari. Hisani ya kubahatisha katika mambo ya fedha ni bora isiwepo. La kuchekesha kidogo ni kwamba Django ilikwenda upande wa pili. Kuanzia toleo la 1.6, la Novemba 2013, kila amri huthibitishwa papo hapo, isipokuwa umefungia amri kadhaa pamoja kwa makusudi. Maktaba mbili za lugha moja zimechagua njia zinazopingana, na kila moja ina sababu za maana. Hakuna tabia ya asili hapa ambayo mtu anaweza kuitegemea bila kuiuliza.

*Kwa kifupi: maandishi yakionekana kisha yakatoweka bila ujumbe wa kosa, tafuta kwanza nani alikuwa akithibitisha muamala kabla ya toleo kupanda.*

Kitabu kipya cha stakabadhi

Mteja mpya anayekataliwa ana kisa kingine. Fikiria duka la jumla lenye kaunta kadhaa na kitabu kimoja cha stakabadhi kilichofika namba 48,312. Kila kaunta ikitaka stakabadhi inachana karatasi inayofuata. Asubuhi moja mwenye duka anaamua kila kaunta iwe na kitabu chake, na kila kitabu kinaanza namba 1. Wazo si baya, kwani foleni ya kugombea kitabu inakwisha. Ila kaunta ya kwanza ikitoa stakabadhi namba 1, kwenye kabati kuna stakabadhi namba 1 ya miaka sita iliyopita.

Ndivyo ilivyotokea kwa Hibernate 6, iliyotoka Machi 2022. Katika toleo la 5, kama mwandishi aliiachia maktaba ichague jinsi ya kutoa namba na hakutaja jina la kihesabu, vitu vyote vilichota kwenye kihesabu kimoja kilichoitwa hibernate_sequence. Toleo la 6 linataka kila aina ya kitu iwe na kihesabu chake: Mteja atachota kwenye Mteja_SEQ. Kama maktaba hairuhusiwi kuunda vitu katika hifadhidata, mfumo hulalamika kwamba kihesabu hakipo, na hilo ni jema kwa sababu limesemwa waziwazi. Kama inaruhusiwa, huunda kihesabu kipya kimyakimya, kikianzia 1, na mteja wa kwanza wa Jumatatu anagongana na mteja wa kwanza wa tangu mfumo uanze. Wengi walikutana na badiliko hili bila hata kujua kwamba wamepandisha Hibernate. Walipandisha Spring Boot, jukwaa la kujengea programu za Java, kwenda toleo la 3, la Novemba 2022, na Hibernate ikaja ndani ya mzigo.

Mgongano wenyewe si hatari kubwa, maana hifadhidata inakataa na kusema. La kuogopa ni namba ambayo mwenyewe alishafutwa. Hiyo itapita bila kizuizi, na kama jedwali lingine bado lina kumbukumbu zinazotaja namba ile bila kufungwa kwa kanuni ya uhusiano, mteja wa leo atarithi madeni ya mtu asiyemjua.

Dawa inayoandikwa haraka ni kuirudisha maktaba kwenye mazoea ya zamani kwa mpangilio unaoitwa legacy. Inasaidia usiku wa dharura. Dawa ya kudumu ni kuunda vihesabu vipya kwa mkono, kila kimoja kikianzia juu ya namba kubwa iliyopo katika jedwali lake. Hapo nako pana jiwe la kujikwaa. Hibernate haichukui namba moja moja. Kwa chaguo-msingi, yaani hali inayotumika usipochagua kitu, huchukua kitabu kizima cha namba 50 kwa safari moja ili kupunguza safari za kwenda kwenye hifadhidata, na namba inayorudishiwa huihesabu kuwa ni ya mwisho wa kitabu, si ya mwanzo. Kwa hiyo ukianzisha kihesabu namba moja tu juu ya kubwa iliyopo, maktaba inaweza kushuka chini yake na kugongana na za zamani. Acha nafasi ya kitabu kizima au zaidi, na hakikisha hatua ya kihesabu katika hifadhidata ni 50 kama maktaba inavyoamini. Namba ni za bure, hazina haja ya kubanwa.

Saa tatu zilizorudi nyuma

Afrika Mashariki ina faida ndogo katika kesi za muda: tofauti yetu na saa ya dunia, ile ya UTC ambayo kompyuta huhesabia, ni saa 3 kamili mwaka mzima. Hatusogezi saa kipindi cha joto wala cha baridi. Kwa hiyo ukiona tofauti ya saa 3 katika mfumo wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, jibu limekwisha jiandika. Mtu mmoja katika mnyororo amehesabu kwa saa ya dunia na mwingine kwa saa ya ukutani. Na kabla hujamlaumu karani kwamba amechanganya saa ya Kiswahili na ya kizungu, kumbuka kwamba hiyo ni tofauti ya saa 6, haiwezi kuwa 3. Makarani wameshasingiziwa sana kwa hili.

Chukua mfumo ulioandikwa kwa C# unaotumia PostgreSQL kupitia kiunganishi kiitwacho Npgsql. PostgreSQL ina aina mbili za kuhifadhi muda. Moja huandika kile saa ya ukutani inachosema, basi. Nyingine huitwa yenye ukanda wa saa, jina linalopotosha, kwa sababu ukanda wenyewe hauhifadhiwi: muda unageuzwa kuwa wa UTC na kuwekwa hivyo. Kabla ya toleo la 6.0, lililotoka Novemba 2021, Npgsql ikisoma muda wa aina hii ya pili ilikuwa ikikugeuzia kuwa saa ya mashine inayoendesha programu. Kuanzia 6.0 inakupa ulivyo, kwa UTC. Mgonjwa aliyeandikishwa saa 2:30 asubuhi anaonekana ameandikishwa saa 11:30 alfajiri, kabla zahanati haijafunguliwa.

Hapa ndipo panapozuka ubishi wa "kwangu inafanya kazi". Kama mashine ya majaribio ilikodiwa kwenye wingu na saa yake imewekwa UTC, ubadilishaji wa zamani ulikuwa ukiugeuza UTC kuwa UTC, yaani haukubadilisha kitu. Huko toleo jipya halionyeshi tofauti yoyote ya saa. Tofauti inajitokeza tu kwenye seva iliyoko ofisini, ambayo mtu aliiweka saa ya Nairobi ili asome kumbukumbu zake bila kuhesabu.

Madhara hayaishii kwenye mwonekano. Toleo hilohilo lilibadilisha pia aina inayochaguliwa kwa safu wima za muda, kwa hiyo mwandishi akiiomba maktaba impangie mabadiliko ya majedwali, inaweza kupendekeza safu ya saa ya ukutani igeuzwe kuwa ya aina ya UTC. PostgreSQL ikifanya ugeuzaji huo huzichukulia saa za zamani kuwa ni za ukanda uliowekwa katika kikao kile. Kikao kikiwa UTC ilhali saa ziliandikwa kwa Afrika Mashariki, kila kumbukumbu ya miaka yote inasogezwa saa 3. Na hata pale ambapo muda umehifadhiwa sawasawa, ripoti ina mtego wake. Fikiria mauzo ya saa 8 usiku wa kuamkia tarehe 1 Julai. Ripoti inayohesabu kwa UTC itayaweka saa 5 usiku, tarehe 30 Juni. Katika nchi ambazo mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai, kama Kenya, Uganda na Tanzania, mauzo hayo yamehamia mwaka mwingine wa fedha.

Mtoto aliyebeba gunia

Si kila hisani ilikuwa ya kulilia. Umemtuma mtoto dukani akuletee kilo moja ya mchele, naye kwa kutojua kusoma mizani akabeba gunia zima, akapima kilo nyumbani, akarudisha linalobaki. Kilo umeipata. Hukuuliza kwa nini amechelewa. Matoleo ya kwanza ya Entity Framework Core yalikuwa hivyo: sehemu ya ombi isipowezekana kugeuzwa kuwa SQL, maktaba ilileta mistari yote na kuichuja yenyewe ndani ya kumbukumbu ya mashine. Kwa jedwali la mistari 200 hakuna anayegundua. Kwa jedwali la mistari milioni mbili, mfumo unazimia. Toleo la 3.0, la Septemba 2019, liliacha kubeba magunia. Likishindwa kutafsiri sehemu ya uchujaji, linatoa kosa. Wengi waliona mfumo "umevunjika" baada ya kupanda. Kwa kweli walikuwa wameonyeshwa mahali ambapo ulikuwa umevunjika siku zote.

Katika kundi hili umo pia mpangilio wa mistari. Ombi lisilosema mistari ipangwe kwa nini halina mpangilio wowote uliohakikishwa, hata kama kwa miaka mitano mistari imekuja kwa tarehe. Toleo jipya likiunda ombi kwa namna nyingine kidogo, mpangilio unabadilika, na orodha ya "malipo ya mwisho" inaonyesha ya mwezi uliopita.

Lakini kwa nini wavunje kinachofanya kazi?

Hili ndilo pingamizi la kwanza, na lina uzito. Anayetegemea mfumo hajali nadharia, anataka malipo yake. Jibu ni kwamba kuna mapatano kuhusu namba za matoleo: namba ya kwanza ikipanda, watunzi wanatangaza kwamba mazoea ya zamani huenda yasiendelee. Si maktaba zote zinayafuata mapatano hayo barabara, lakini katika visa vikubwa vya sura hii tangazo lilikuwepo. SQLAlchemy ilitoa kwanza toleo la 1.4, Machi 2021, likiwa daraja. Ukiweka SQLALCHEMY_WARN_20=1 kwenye mazingira ya programu, inakuorodheshea kila mahali msimbo wako utakapokwama katika 2.0. Ni karibu miaka miwili ya kuonywa. Ninachowalaumu watunzi wa maktaba kwa ujumla ni kimya. Pale ambapo badiliko lingeweza kutoa kosa la wazi likaacha kutoa, gharama wameihamishia kwa mhasibu.

Pingamizi la pili ni la mtu aliyeungua: basi tusipandishe kabisa. Kwa mwaka mmoja ushauri huo unaonekana wa busara. Lakini matoleo ya zamani huachwa bila viraka vya usalama. Django 3.2, iliyokuwa toleo la kutunzwa muda mrefu, iliachwa Aprili 2024. Na mabadiliko hayakungoji; yanarundikana. Anayepanda ngazi moja kila mwaka anatafuta hisani moja iliyoondolewa. Anayeruka ngazi tano kwa pamoja anatafuta kadhaa zilizochanganyika, na dalili ya moja inafunika ya nyingine.

Wa tatu anasema majaribio yote yalipita. Yawezekana yalipita kwa sababu hayakuigusa hifadhidata yenyewe. Ofisi nyingi hufanyia majaribio kwenye SQLite, hifadhidata ndogo isiyohitaji seva, kwa kuwa ni nyepesi, ilhali kazi halisi iko PostgreSQL. Aina za muda, vihesabu na ukali wa kanuni katika hizo mbili ni tofauti. Jaribio linaloandika na kusoma kwa muunganisho mmoja nalo lingepita hata malipo yote yakitenguliwa, kwa sababu tulizokwisha kuziona.

Wa nne anataka mkalimani afukuzwe, tuandike SQL wenyewe. Hata huko hisani huondolewa. PostgreSQL 8.3, ya Februari 2008, iliacha kugeuza namba na tarehe kuwa maandishi kimyakimya, na maombi mengi yaliyoandikwa kwa mkono yakakataliwa. Kufukuza mkalimani kunapunguza mdomo mmoja katika mnyororo, hakuondoi kutegemea usichokiandika.

Kumsikiliza mkalimani

Kama hoja ni sahihi, basi njia ya kutafuta kosa ni moja: pata maneno halisi yaliyofika kwenye hifadhidata kabla na baada, uyalinganishe. Kusoma msimbo wako mara kumi hakutasaidia, kwa sababu kilichobadilika hakimo ndani yake. Kazi inakwenda hivi:

1. Andaa nakala mbili za mfumo, moja na toleo la zamani na moja na jipya, kila moja na nakala yake ya hifadhidata.
2. Washa kumbukumbu upande wa hifadhidata yenyewe. Katika PostgreSQL ni mpangilio wa log_statement ukiwekwa all.
3. Fanya tendo moja dogo linaloonyesha tatizo, kwa mfano kuingiza malipo ya mteja mmoja, katika nakala zote mbili.
4. Weka kumbukumbu mbili bega kwa bega, usome tofauti.

Upande wa hifadhidata unapendekezwa kwa sababu ya maana. Kumbukumbu za maktaba ni maelezo ya mkalimani kuhusu alichosema. Mstari ule wa "BEGIN (implicit)" tuliouona, kwa mfano, si amri iliyotumwa na SQLAlchemy. Ni taarifa tu kwamba muamala unahesabiwa kuwa umeanza. Kwa kawaida maelezo hayo yanatosha, ila ukikwama msikilize msikilizaji. Usiziwashe kumbukumbu za hifadhidata kwenye mfumo wa kazi na kuzisahau, maana zinaandika majina, namba za simu na kiasi cha kila mtu.

Kabla ya hayo yote, hesabu ni vitu vingapi vilipanda. Mara chache ni kimoja. Maktaba huvuta kiunganishi, kiunganishi huvuta kingine, na faili la orodha ya matoleo, lile linalofungia kila kitu kwenye namba yake kamili, ndilo shahidi. Rudisha vyote, kisha pandisha kimoja kimoja mpaka dalili ijitokeze. Ni kazi ya kuchosha, na ni ya haraka kuliko kukisia.

Msimbo umepona, data je?

Mafundi wengi huishia hapo na kutangaza ushindi. Lakini kati ya Jumamosi na saa tatizo lilipogunduliwa, mfumo uliendelea kuandika. Katika kisa cha saa 3, jedwali sasa lina mistari ya aina mbili isiyotofautishika kwa macho, na ukisogeza yote saa 3 mbele utaharibu iliyokuwa sahihi. Kinachotenganisha ni saa kamili ya kupandisha toleo na saa kamili ya kulirekebisha, zikiwa zimeandikwa mahali. Katika kisa cha malipo yaliyotenguliwa hakuna cha kusahihisha, kwa kuwa hakuna kilichobaki. Itabidi stakabadhi za karatasi na jumbe za simu zirudiwe moja moja na mhasibu. Na kurudisha toleo la zamani la maktaba hakurudishi majedwali yaliyokwisha kugeuzwa.

Kama unaisoma sura hii mfumo ukiwa tayari umeharibika, weka kitabu chini kwanza. Chukua nakala ya hifadhidata kama ilivyo sasa hivi, pamoja na makosa yake, uiweke pembeni, ndipo urudi kwenye hatua ya kwanza.